Taja Ndipo Uzae

Kinyaa kilichonipata katika nyumba ile hakikutokana na damu. Damu, maji ya uzazi, matapishi na kinyesi nilivizoea chuoni, na muuguzi anayeona kinyaa kwa vitu hivyo ni bora atafute kazi nyingine mapema. Kilichonitia kinyaa kilikuwa safi. Kilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi, kikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na kikasema kwa sauti ya upole: “Mwanangu, taja. Taja ndipo uzae.”

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na sisi tuliotoka chuo cha uuguzi tuliambiwa turudi nyumbani tusubiri barua. Nyumbani kwetu ni Milanzi, mtaa wa pembeni mwa mji. Nilisubiri huku nikimsaidia mama kuuza sabuni za vipande na mafuta ya taa mbele ya nyumba. Barua haikuja. Wakati huohuo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa tena kufungua zahanati, na mkunga mmoja mstaafu, aliyefanya kazi serikalini tangu ujana wake, aligeuza nyumba yake ya mtaa wa Izia kuwa nyumba ya uzazi. Watu walimwita Mama Mkunga. Aliposikia kwamba kuna binti wa Milanzi mwenye cheti amekaa bure, alituma niitwe, na nilikwenda siku ileile.

Sebule yake ndiyo ilikuwa mapokezi. Chumba walichokuwa wakilala watoto wake, ambao sasa wote wameoa na kuolewa, kilikuwa chumba cha kuzalia. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vya wazazi kupumzika, na madirisha yake yaliangalia shamba la mahindi lililofika mpaka ukutani. Nje kulikuwa na kibao kilichochorwa mama amebeba mtoto mchanga. Mchoraji alijitahidi, ila mtoto alitoka na uso wa mzee wa baraza, na wanawake waliokuwa wakija kliniki walikuwa wakiulizana kwa kucheka ni mkwe wa nani yule aliyefungwa nepi.

Nisimwonee Mama Mkunga. Mikono yake ilikuwa mizuri. Nilimwona akimgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni kwa kumpapasa tu, taratibu, huku akimsimulia mama habari za bei ya vitunguu. Alimwona mwenye upungufu wa damu tangu mlangoni kwa kutazama viganja. Hakuwahi kumfokea mzazi. Wakati huo, katika hospitali kubwa mjini, mzazi alitakiwa kwenda na glavu zake, uzi wake na wembe wake, akalala wawili kitanda kimoja, na akipiga kelele aliulizwa kama siku ya kuitafuta mimba alipiga kelele vilevile. Kwa Mama Mkunga kulikuwa na shuka safi za mitumba, maji ya moto na chai ya maziwa. Wanawake walimpenda. Hata mimi, miezi ya mwanzo, nilimpenda.

Kisha nikaona alivyofanya mambo uchungu unapochelewa.

Iko imani, na si ya kabila moja, kwamba mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akiwa mjamzito mtoto wake hukwama, wala hatoki mpaka mama amtaje mwanamume. Nimeikuta kwa Wafipa wenzangu, nimeikuta kwa wafugaji waliohamia bonde la Rukwa kutoka kaskazini, nimeikuta kwa watu wa ziwani waliokuja kuuza dagaa. Chuoni mwalimu wetu aliitaja kwa dakika chache, darasa likacheka, tukaendelea na somo. Nilidhani imani hiyo inaishi vijijini, kwa wakunga wa jadi. Sikujua kwamba inaweza kukaa katika nyumba yenye mizani ya kupimia watoto na kipimo cha shinikizo la damu.

Mama Mkunga aliifanya kwa utaratibu. Kwanza alimpima mzazi. Akiona mambo yanachelewa, alitoka kumwita mama mkwe, au mwanamke mwingine mzima wa upande wa mume. Alifunga mlango na kuteremsha pazia, kisha alichovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, akampangusa mzazi uso, akaanza. “Taja, mwanangu. Hapa tuko wanawake watupu.” Mama mkwe alikaa kwenye stuli karibu na kichwa cha kitanda, kanga ameifunga kifuani, anasikiliza.

Wengi walitaja. Ukimwacha mtu katika maumivu yale na kumwambia kwamba liko neno moja linaloyamaliza, atalitafuta neno hilo. Mtoto akitoka baada ya kutaja, jina ndilo lililomtoa. Asipotoka, Mama Mkunga alitikisa kichwa kwa huruma na kusema, “Bado hajamaliza.” Nilichukua muda kuelewa kazi ya maneno hayo mawili. Jambo alilolichukia kuliko yote ni kumpeleka mzazi hospitali kubwa, kwa sababu mtaani wangesema kwamba ameshindwa, na walikuwapo wengine waliokwisha kuanza kufungua nyumba kama yake. Kwa utaratibu ule nyumba haikushindwa kamwe. Mzazi akijifungua salama, sifa ilikuwa ya nyumba. Akichelewa, uchafu ulikuwa wake mwenyewe.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji bombani, Milanzi, nikasikia jina lililotajwa ndani ya chumba kile likizungumzwa na mwanamke nisiyemjua kabisa. Alilitaja, akataja na mtaa, akamaliza kwa kicheko. Wenzake walimwambia aongeze na yeye akaongeza. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika sijaona.

Kesho yake nilimwambia Mama Mkunga kwamba siri ya mgonjwa imetoka, nimeisikia bombani.

“Siri gani?” aliuliza. Alikuwa akikunja pamba vipande vidogovidogo, kazi aliyoipenda. “Mimi nimekwenda bombani?”

“Hapana, mama. Lakini sisi ndio tuliomwingiza mkwewe.”

“Tulimwingiza kwa sababu mkwe ni wa kwake, si wa kwetu. Aliyesema ni yeye.” Aliniangalia akatabasamu. “We binti, umeolewa lini ukayajua ya wakwe?”

Alinipa pamba nikunje.

Baada ya hapo alikuja msichana wa Muze.

Nasema msichana kwa sababu alikuwa mdogo, ingawa alikuwa mke wa mtu. Familia ya mumewe inalima mpunga huko bondeni. Mimba ilipokua walimpandisha mlima kwa lori, akae kwa wifi yake Milanzi, karibu na huduma, na mama mkwe akaja naye. Bonde la Rukwa ni la joto, na huku juu kwetu kuna baridi inayopenya blanketi. Tangu siku ya kwanza alipoletwa kupimwa alikuwa amejifunika kanga tatu na sweta la mumewe, anatetemeka, anacheka kutetemeka kwake mwenyewe. “Sista,” aliniambia, “ninyi watu wa huku mnaishije ndani ya friji?” Ilikuwa mimba ya kwanza. Nilipompima nilimwandikia kwamba ni mfupi na nyonga zake ni ndogo, ajifungulie hospitali kubwa. Mama Mkunga alisoma, akasema wafupi wamezaa tangu dunia iumbwe.

Asubuhi niliyoingia kazini na kumkuta kitandani, alikuwa na uchungu tangu mchana wa jana yake. Kanga zote tatu zilikuwa chini. Hakuwa akitetemeka tena, alikuwa analowa jasho.

“Njia imefunguka yote tangu alfajiri,” Mama Mkunga aliniambia. “Anabana tu.”

Nilimpima. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu, hakijashuka hata kidogo, na ngozi ya utosi ilikuwa imevimba kwa kusukumwa mahali pasipo na nafasi. Mkojo uliotoka ulikuwa na damu. Nilitega pembe ya kusikilizia tumboni, nikasikiliza moyo wa mtoto: ulikuwa unapiga vizuri, halafu kila uchungu ulipokaza ulipungua, ukakawia kurudi. Kwa mtu yeyote aliyefundishwa, haya si mambo ya kujadili.

Nilimwita Mama Mkunga pembeni. “Mama, huyu apelekwe. Njia ni finyu.”

“Finyu ni moyo wake,” alisema. “Kamwite mkwewe.”

Mama mkwe alikuwa sebuleni, amekaa wima kama mtu aliyeitwa shule kusikiliza kesi ya mwanawe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akauliza, “Amesema?” Hakuuliza kama amezaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba wamekwisha kuzungumza, yeye na Mama Mkunga, kabla sijafika.

Walikaa naye, mmoja kila upande. Mimi nilisimama miguuni.

“Taja, mwanangu,” Mama Mkunga alisema, akimpangusa shingo.

“Sina, mama. Ni mume wangu tu.”

“Mume wako hayupo hapa, usimwogope.”

“Simwogopi. Sina mtu.”

“Mimi nimezaa wanane,” mama mkwe alisema, “hakuna aliyelala njiani. Wewe wa kwako kwa nini alale? Amechoka na nini? Amelima?”

“Mama, naumia.”

“Unaumia kwa sababu umeficha. Ukificha jiwe mdomoni utakula ugali?”

Uchungu ulimkamata akauma upindo wa mto. Mama Mkunga alimsubiri kwa utulivu mpaka ulipopita, akamwondolea nywele zilizomwangukia usoni, akasema, “Mimi sina haraka.” Alikuwa mkweli. Sijaona mtu asiye na haraka kama yule. Ningependelea angemzaba kibao. Kibao mtu anakijua, anaweza kukilalamikia, lakini kitambaa kile cha vuguvugu mgonjwa atakilalamikia kwa nani?

Walipotoka kwenda kunywa chai, msichana alinishika mkono. “Sista, nikitaja watanipeleka?”

Chuoni tulifundishwa kumwambia mgonjwa ukweli, na kumwambia kwa namna anayoielewa. Ukweli ulikuwa kwamba akitaja wangesubiri mtoto atoke, na asipotoka wangesema kuna mwingine aliyebaki. “Usitaje kitu ambacho hakipo,” nilimwambia. “Nakwenda kutafuta gari.”

“Gari litakuja sasa hivi?”

Nilivua aproni nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Barabarani nilimpata kijana ninayemfahamu wa mtaani kwetu, ameegesha pikapu aliyokuwa akiendesha ya tajiri mmoja, imejaa magunia ya mahindi. Alikuwa amekaa kwenye bampa anakula muwa.

“Sista, mambo!”

“Si poa. Nina mgonjwa, apelekwe hospitali kubwa.”

“Nimepakia, si unaona?”

“Shusha.”

“Nishushe?” Alitazama magunia, akanitazama mimi. “Kwani mgonjwa wako ni gunia ngapi?”

“Ni mzazi. Mtoto amekwama.”

Alitupa muwa. Aliita wenzake wawili waliokuwa wakicheza bao kibarazani, wakashusha magunia ya nyuma, wakayapanga kando ya barabara, na mmoja akaachwa kuyalinda huku akilalamika kwamba yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Haikuchukua muda mrefu. Lakini nilipoingia tena ndani nilijua, kabla mtu hajasema, kwamba limefanyika nililokuwa nikilihofia. Mama mkwe alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

“Amesema,” aliniambia. “Ni mnunuzi wa mpunga. Wa Mbeya. Ana pikapu ya bluu, na jino la mbele hana.”

Mama Mkunga alikuwa anavaa glavu mpya, uso umechangamka. “Umeona? Sasa tunasubiri.”

“Tunasubiri nini, mama?”

“Mtoto. Njia imesafishwa.”

Nilichukua pembe nikasikiliza. Moyo wa mtoto ulikuwa unasuasua, na sasa haukusubiri uchungu ili upungue. Msichana alikuwa amefumba macho, midomo imekauka na kupasuka. Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka koridoni, kwamba mtoto anakufa, mama atamfuata, na gari liko nje.

“Ukitoka na mgonjwa wangu,” Mama Mkunga alisema polepole, “usirudi.”

Yeye hakuwa mtu wa kubishana naye. Mwenye kauli juu ya msichana yule, kwa desturi yetu, alikuwa aliyesimama koridoni. Nilimwendea. “Mama, unataka jina au unataka mjukuu?”

“Vyote,” alisema mama mkwe, bila kufikiri.

“Jina umepata. Mjukuu yuko kwenye lile gari.”

Aligeuka akalichungulia gari mlangoni. Kisha alikaza kanga yake, akaingia chumbani na kumwinua mkwewe mwenyewe kwa mikono yake, akiwa na nguvu nisizozitarajia, akampeleka nje. Tulimlaza juu ya godoro katikati ya magunia yaliyobaki. Dereva alivua koti lake akamfunika miguu.

Njiani mama mkwe alikaa mbele na dereva, mimi nilikuwa nyuma nimemshika msichana asijigongegonge. Alifungua macho. “Sista, hakuna mtu. Nimemtunga.”

“Usiseme sasa. Pumzika.”

“Pikapu niliiona barabarani tulipokuwa tunakuja. Jino nimemng’oa mwenyewe, ili waamini.” Alijaribu kucheka, uchungu ukamkatiza.

Hospitali kubwa, ile yenye vitanda vya watu wawili na matusi, ilimpasua katika muda ambao kwa Mama Mkunga wangekuwa bado wanampangusa uso. Mtoto alitoka mchovu, wa kiume, akakawia kulia, akalia. Daktari alimweleza mama mkwe kwa Kiswahili chepesi kabisa, akimwonyesha kwa ngumi yake: mlango ni mdogo, kichwa ni kikubwa, hakikuweza kupita, kisingepita hata kwa wiki. Mama mkwe alisikiliza kwa adabu, akashukuru. Kisha akaniuliza kama huko Mbeya nina ndugu anayefahamiana na wanunuzi wa mpunga.

Nilidhani hadithi imekwisha pale mtoto alipolia. Ndipo ilipoanza. Miaka ile wafanyabiashara walikuwa wamefunguliwa nchi, na kila msimu wa mavuno walishuka bondeni na magari yao na mizani yao, wakaingia mpaka nyumba ya mwisho. Kila mwenye mpunga alikuwa amewauzia, akala nao. Msichana alikuwa ametunga mtu asiyekuwepo, lakini alimtunga kwa vitu vilivyokuwepo. Kabla msichana hajatolewa nyuzi, mama mkwe alikuwa amekwisha kumkumbuka mtu huyo.

Mama Mkunga hakunifukuza kama alivyoahidi. Alikuja nyumbani kwetu na sukari, akamsalimia mama yangu kwa heshima zote, akaketi. Alisema amesikia kwamba mume amepanda kutoka Muze na ukoo unakaa kikao kwa wifi, na kwamba nitaitwa kwa kuwa nilikuwepo. “Ukaseme ulichokiona,” alisema. “Alitaja, akazaa. Basi.”

“Alizaa kwa kisu, mama.”

“Kisu kilipata njia kwa sababu alikuwa ametaja. Usiniharibie nyumba, binti. Wangapi wamezaa salama kwangu?” Aliaga kwa uchangamfu. Mama yangu, ambaye hakuelewa kitu, alisema yule mwanamke ana roho nzuri kweli. Nilikwenda uani nikanawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Kikao kilikaa mchana, uani kwa wifi, juu ya mikeka. Alikuwepo mume, kijana mrefu aliyeshika kofia mapajani, baba yake mdogo (mtu wa makamo aliyekuwa mwenyekiti wa mambo yote), mama mkwe, na wifi aliyekuwa akiingia na kutoka na vikombe. Msichana alikaa peke yake kwenye ukingo wa mkeka, mtoto ananyonya. Wa upande wake hakuwa ameitwa mtu. Jambo lenyewe lilijulikana, na baba mdogo alilisema waziwazi: ama mke atarudi Muze na mtoto wake, ama atarudi kwao, na mtoto akiacha ziwa atafuatwa.

Nilisema yote kwa mpangilio. Nyonga nilizozipima mapema. Kichwa kilichokuwa juu, mkojo wenye damu, maneno ya daktari na ngumi yake. Kisha nikasema nililoliona kuwa zito kuliko yote. “Kama jina ndilo linalomtoa mtoto, mbona alitaja na mtoto hakutoka? Mpaka akapasuliwa?”

Baba mdogo alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia hoja. Nilipata tumaini.

“Basi alibakiza wengine,” mama mkwe alisema.

Wote waligeuka kumtazama msichana. Nilikuwa nimekuja kumtoa kwa mwanamume mmoja, na sasa nilikuwa nimemwongezea.

“Hakuna hata huyo mmoja,” nilisema haraka. “Alimtunga. Aliniambia mwenyewe garini.”

“Mtu atatunga gari,” baba mdogo alisema. “Atatunga na mji. Jino pia atatunga?”

“Nilikula na yule mtu,” mume alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. “Yule wa pikapu. Alikaa nyumbani tukala wali na kuku.”

“Alikuwa na pengo?” nilimwuliza.

Alifikiri. Alikuwa kijana mkweli, alijaribu kukumbuka kweli. “Sikumtazama meno. Hakuwa mtu wa kucheka.”

“Hakucheka!” mama mkwe alidakia, akapiga kofi moja. “Si ndiyo hiyo? Alikuwa anaficha pengo!”

Wifi alisimama na birika mkononi, mdomo wazi. Baba mdogo aliguna. Niliona jinsi lilivyomwingia kila mmoja, na kutulia.

Mume alizungusha kofia yake mapajani. Alisema kwamba mtoto ni wake, sura anaiona. Mke anamtaka. Hataki kumfukuza mtu aliyepasuliwa tumbo. Akiomba msamaha mbele ya wakubwa, kwa alilolifanya, yeye atasamehe, na neno hili lisizungumzwe tena Muze. Alipokuwa akisema sauti yake ilitetemeka, na ninaamini aliona kwamba anatenda jambo kubwa na jema. Wote waliona hivyo. Baba mdogo alisema, “Huyo ndiye mwanamume.”

“Hawezi kuomba msamaha kwa kitu ambacho—” nilianza.

“Sista, nyamaza.”

Msichana alisema bila kuinua sauti, akinitazama usoni. Kitandani alikuwa amenitazama kwa kusihi. Sasa alikuwa mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake, akaona yaliyomo pande zote mbili, akachagua. Mtoto alipoachia ziwa alimhamishia upande wa pili, akafunga kanga. Kisha akapiga magoti, kwa shida, mkono mmoja ameshikilia mshono wake.

“Naomba mnisamehe,” alisema. “Nilikosa. Alikuwa ni yeye peke yake.”

Tulifundishwa kwamba mgonjwa ndiye mwenye uamuzi juu ya mwili wake na maisha yake, na kwamba kazi ya muuguzi ni kumpa habari za kweli na kuheshimu atakachochagua. Nilikuwa nimempa habari za kweli, na yeye alikuwa amechagua. Nilinyamaza kama alivyoniambia. Hakuna somo lililowahi kuniambia kwamba kuheshimu kunaweza kuwa na ladha kama ile, ya kumeza kitu kilichotoka mdomoni mwa mwingine.

Kikao kilichangamka mara moja. Wifi alimimina chai. Baba mdogo aliuliza bei ya mahindi mjini. Mume alimpokea mtoto akamwinua juu, akasema ana paji la uso la babu yake. Msichana aliletewa mto wa kuegemea, wa kwanza tangu asubuhi, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempangia mgongoni, akauliza kama panauma, kwa upendo wa kweli kabisa.

Nilipoaga, mama mkwe alisimama kunisindikiza. Nilimwambia asijisumbue, akasema mgeni hasindikizwi na mlango. Tulitembea pamoja mpaka njia panda, taratibu, upepo unapeperusha kanga zetu. Alinishukuru kwa gari. Alisema Mungu aniongezee. Aliniuliza kama nimeolewa, nikamwambia bado. Alinishika kiganja kwa mikono yake miwili, mikavu na ya moto, akanivuta karibu kama mama anavyomvuta bintiye anayekwenda safari.

“Na wewe siku yako ikifika, mwanangu,” alisema kwa upole, “usiwe mkaidi kama huyu. Wewe sema mapema.”

Nilimwambia asante, mama. Alisubiri pale pale njia panda, akinipungia mkono, mpaka nilipokata kona.